Mamangu ameambiwa kizazi kimeshuka, apasuliwe kwa matundu madogo. Waliopitia njooni

BintiKisauni

Assalaam alaykum wajameni, na wengine wote habari za jioni.

Jambo hili limenikaa kooni wiki tatu sasa. Mamangu ana miaka 61, mjane, amezaa saba, wote kwa njia ya kawaida, wanne kati yao nyumbani kwa mkunga. Ramadhani iliyopita nilimwona anaswali tarawehe amekaa kitini, nikadhani ni magoti. Baadaye nikawa namfulia, nikakuta vipande vya leso kuukuu vimekunjwa kama pedi. Nikamuuliza. Akanikata: "Hayo mambo ya watu wazima." Nami nina watoto watatu!

Mwisho akafunguka. Kuna kitu kinatoka huko chini, kama ndimu. Asubuhi hakipo, jioni kipo. Akikaa kwenye mbuzi kukuna nazi kinashuka zaidi. Akienda haja ndogo mpaka akisukume ndani kwa kidole ndipo mkojo utoke. Miaka sita hajamwambia mtu. Sita!

Tukaenda kwa daktari wa wanawake. Akampima amelala, akampima tena amesimama anakohoa. Akasema kizazi kimeshuka na kibofu kimekifuata, daraja la tatu katika nne. Ati kuna operesheni ya kupitia chini, kizazi kinatolewa, na kuna ya matundu madogo tumboni, ambapo wanavuta vitu juu kwa neti. Mama akanigeukia: "Neti? Ya mbu?" Nje watu wamejaa wanangoja zamu, tukaona haya kuuliza zaidi.

Kwa hivyo nauliza nyinyi. Matundu ndiyo vipi? Neti inakaa wapi? Na mtu wa presha anaweza?

MamaMapacha

Waalaykum salaam dadangu. Kwanza usimlaumu mamako kwa kunyamaza. Mimi nilinyamaza miaka mitatu, na nimesoma, na nafanya kazi ofisini. Navuka feri kila siku kutoka Likoni. Asubuhi naushuka ule mteremko kama mtu, jioni naupanda nimebana mapaja kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nilidhani ni saratani, ndiyo maana sikuthubutu kwenda.

Nilifanyiwa ya matundu nikiwa na miaka 49. Nina makovu manne, moja kitovuni halionekani, matatu kama alama za ndui. Nitarudi nieleze vizuri, nasukuma mahamri saa hii.

ZamuYaUsiku

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, miaka kumi na kitu. Si daktari, na simjui mamako, kwa hivyo haya ni maelezo tu ya jinsi mambo yanavyokwenda.

Wa umri wangu mnakumbuka susu: chakula kinaning'inizwa darini kwa kamba ili paka asikifikie. Kizazi nacho kimening'inizwa hivyo, kwa kano zinazotoka kando na nyuma kwenye mfupa wa chini ya mgongo. Chini yake kuna misuli iliyotandwa kama kamba za kitanda cha kienyeji, imebeba kibofu, kizazi na utumbo wa haja kubwa. Mtoto akizaliwa anapita katikati ya kitanda hicho. Uchungu ukiwa mrefu, au mtoto mkubwa, misuli inavutika, na wengine inabanduka kabisa kwenye mfupa. Hedhi ikikoma homoni zinapungua na nyama za huko zinakuwa nyembamba. Hapo ongeza mitungi ya lita 20 kichwani, kikohozi kisichoisha, choo kigumu na unene. Kamba za susu zimelegea, kitanda kimebonyea, chungu kinashuka.

Sasa upasuaji. Ule wa kupitia chini, daktari anafanyia kazi kwenye uke, tumbo haliguswi. Mara nyingi kizazi hutolewa, ukuta ulio chini ya kibofu na ule ulio mbele ya utumbo hushonwa ukakazwa, na pale juu uke hushikizwa kwenye kano. Unaweza kufanywa kwa sindano ya mgongo, mgonjwa yuko macho anasikia redio yetu. Hiyo ni kukaza kamba za kitanda.

Ule wa matundu ni kutundika susu upya. Mgonjwa analazwa kwa nusu kaputi, tumbo linajazwa hewa ya kaboni dioksaidi, ile ile ya soda, ili pawe na nafasi ya kuona. Yanatobolewa matundu matatu hadi matano, ya milimita 5 hadi 12. Moja la kamera, mengine ya vyombo virefu vyembamba. Kitanda kinainamishwa, kichwa chini miguu juu, matumbo yateremkie kifuani yasiwe njiani. Kisha daktari anachukua neti, kitambaa cha plastiki ya polipropilini chenye umbo la herufi Y. Mikono miwili ya Y inashonwa mbele na nyuma ya uke, mguu wake unafungwa juu kwenye mfupa wa chini ya mgongo, palipo pagumu pasipovutika. Neti inafunikwa na utando wa tumbo ili matumbo yasiigande. Yote huchukua kama saa mbili tatu. Ni kazi ya kushona ukiwa unatazama runinga, na si kila daktari ameizoea.

Kizazi chenyewe kinaweza kubakishwa kikatundikwa, au kikatolewa mwili wake na mlango ukaachwa. Kabla ya hapo lazima mlango wa kizazi upimwe na ifanywe altrasaundi. Na mama aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, aseme. Kizazi kikitolewa kwa matundu na mlango ukaachwa, huwa kinakatwakatwa ili kipite, na kama ndani mlikuwa na saratani iliyojificha, umeimwaga tumbo zima. Kwa ajili hiyo Marekani walitoa onyo mwaka 2014 juu ya zile mashine za kukatakata.

Presha haimzuii, mradi imedhibitiwa. Mtaalamu wa nusu kaputi amwone mapema, si asubuhi ya operesheni. Mwenye moyo au mapafu mabovu ndiye tunayemwogopea kule kuinamishwa kichwa chini na tumbo limejaa hewa.

Mzee_Kijana

Huyu muuguzi amesahau jambo moja. Hizo neti zilipigwa marufuku Marekani. Wanawake walishtaki kampuni, wamelipwa mabilioni. Vitu vikikataliwa kwao vinaletwa Kilindini. Dada, mwepushe mamako.

ZamuYaUsiku

Sijasahau, nilikuwa nangoja mtu aulize, na umefanya vyema. Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru kampuni ziache kuuza neti za kutiwa *kupitia uke* kwa kizazi au kibofu kilichoshuka. Uingereza walizisimamisha 2018, Australia wakaziondoa 2017. Wanawake waliumia kweli: neti ilitokeza ukeni, maumivu, tendo la ndoa likawa adhabu.

Neti inayotiwa kupitia tumboni haikuwa ndani ya amri ile ya 2019. Kitambaa ni cha jamii moja, ila kinakaa pengine na hakipitishwi kwenye kidonda cha uke. Hata hiyo ina madhara yake. Wachache, kiasi cha watu wachache katika kila mia, neti hutokeza baada ya miezi au miaka, wakati mwingine mpaka irudiwe kukatwa. Kibofu au utumbo unaweza kutobolewa wakati wa kazi. Mfupa wa mgongo unaweza kupata maambukizi, ni nadra lakini ni mabaya. Asiyetaka neti kabisa anaweza kuomba kushonewa kwenye kano zake mwenyewe, kwa matundu au kwa njia ya chini. Tofauti ni kwamba kwa sehemu ya juu iliyoshuka, neti ya tumboni hushika muda mrefu zaidi, na kurudi kwa tatizo ni kuchache kuliko kwa zile za njia ya chini.

Hayo ndiyo ya kupima. Wengi wanauliza "kovu litakuwa kubwa?" Kovu si kitu. Uliza: kitashikwa na nini, kitafungwa wapi, na wewe daktari umezifanya ngapi.

Bi_Mwembe

Mwanangu, kabla ya kisu mjaribishe kipete. Mimi nina miaka 70, ninacho mwaka wa nne. Pesari inaitwa, ya silikoni, kama bangili laini. Daktari anakupima ukubwa, anakitia, kinakaa ndani kinazuia. Nilifundishwa kukitoa, kuosha kwa maji na sabuni, kukirudisha. Kila baada ya miezi kadhaa naenda kuangaliwa, na nina krimu ya homoni napaka ili nyama zisichubuke. Kuna mwenzangu wa Majengo alikisahau miaka miwili, kikamla ndani. Usisahau tu.

Daktari wangu alinichekesha, ati Wagiriki wa kale walikuwa wanatia nusu ya komamanga. Nikamwambia hapa Mombasa komamanga ni ghali, nipe hicho kipete.

Kipepeo_wa_Tudor

Jamani mnatishana. Kuna bibi mmoja Mtwapa ana dawa ya majani na chumvi, unajitia siku saba kizazi kinarudi chenyewe. Na afungwe mkanda vizuri. Siku hizi watu hawafungi mkanda arubaini, ndiyo maana vizazi vinashuka.

MamaMapacha

Shoga, mama yake BintiKisauni kazaa saba na arubaini saba, wallahi alifungwa mkanda mpaka akaishiwa pumzi. Leso inashika tumbo kwa nje, inatuliza kiuno, sikatai. Lakini ukiufinya mfuko katikati, kilichomo kinakwenda wapi? Na hiyo chumvi iacheni. Nilijitia. Nilichubuka nikashindwa kukaa siku kumi, na operesheni ikacheleweshwa mpaka nipone.

Basi, nilichopitia mimi. Niliingia asubuhi, nikazindukia chumba cha pembeni natetemeka kwa baridi. Maumivu ya tumbo yalikuwa kidogo kuliko nilivyoogopa. Kilichonishangaza ni bega! Bega la kulia linauma kama nimebeba gunia. Nikaambiwa ni ile hewa, mabaki yake yanasumbua chini ya mbavu na maumivu yanasikika begani. Siku mbili yakaisha. Mpira wa mkojo ulitolewa kesho yake, wakahakikisha nakojoa vizuri ndipo wakaniruhusu. Nililala siku mbili.

Hakuna aliyeniambia kuhusu choo. Siku ya nne, msalani pa kuchutama, nilitoka jasho la uzazi. Mnunulie papai, mchicha, anywe maji, na aombe dawa ya kulainisha *kabla* hajatoka hospitali. Asijikamue. Na safari ya kurudi, tafuta gari la mtu. Mimi niliingia tuktuk, kila tuta nikaita jina la mamangu.

Wiki sita hakuna kubeba, hakuna kuchutama kufua, hakuna mume. Mwisho ndio uliokuwa rahisi, hehe.

Nyota_ya_Changamwe

Nami nieleze upande wa pili. Sitaji hospitali. Nilifanyiwa ya kupitia chini nikiwa na miaka 52, kizazi kikatolewa. Nikaambiwa "kizazi hakipo, kitashuka nini tena?" Miaka miwili baadaye uvimbe ule ule, nimerudi pale pale. Kumbe uke wenyewe, ile dari yake, unaweza kushuka kama soksi iliyopinduliwa. Sikujua. Nilipomuuliza daktari wa pili akasoma karatasi zangu, akasema walitoa chungu hawakushika kamba. Akanirekebisha kwa matundu na neti, sasa ni mwaka wa tatu, nashukuru.

Pia sikuwa na tatizo la mkojo kabla. Baada ya kibofu kuvutwa juu nikawa nikicheka unanitoka. Nikaja kuelewa kuwa kibofu kilipokuwa kimekunjika, mkunjo ndio uliokuwa unazuia. Muulizeni daktari hilo kabla.

Mzee_Kijana

Hii ya soksi imenikaa. Nitamuuliza mke wangu kitu leo usiku. Kwa adabu.

BintiKisauni

Ahsanteni sana, nalia na kucheka. Mama hajui kusoma simu, nimemsomea yote, amesema Bi_Mwembe aletwe nyumbani wanywe kahawa.

Kuna jambo linamuumiza kuliko yote. Mkojo unadondoka, anahisi udhu haukai, amekuwa akilipa swala mpaka usiku. Amechoka.

Ukhti_Makadara

Mwambie mama dini haikumtwika hilo. Kwetu Mashafii, mwenye mkojo usiokatika ana hukumu yake. Wakati wa swala ukishaingia anajisafisha, anavaa pedi, anatawadha, kisha anaswali faradhi ile bila kukawia, hata kama unadondoka humo humo. Swala nyingine ikiingia anatawadha tena. Asikusanye asubuhi mpaka usiku. Na kuswali kitini kwa udhuru hakupunguzi kitu. Amwone ustadhi wa msikiti wenu athibitishe, na kama anaona haya aende kwa mkewe ustadhi.

Dereva_Makupa

Swali la pesa. Bima ya SHA inalipa? Na si kuna zile kambi za bure za fistula?

ZamuYaUsiku

Fistula ni kitu kingine. Ile ni tundu kati ya kibofu na uke, mkojo unapita saa zote bila kujua, mara nyingi baada ya uchungu uliokwama. Hapa hakuna tundu, kuna kushuka. Ila kambi hizo hupokea wanawake wengi waliodhani wana fistula kumbe ni hili, kwa hivyo kuuliza si dhambi.

SHA ilichukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, Oktoba 2024. Upasuaji unahitaji kibali kabla, na kiasi kina kikomo, ya matundu hupita kikomo upesi kwa sababu ya vyombo na neti. Nendeni dirisha la bima la hospitali *kabla* ya kupanga tarehe, muulize neti imehesabiwa au mtaambiwa mkainunue. Na jina la daktari mnaweza kulitafuta kwenye orodha ya baraza la madaktari, KMPDC, iko wazi kwa kila mtu.

Na akiwa anangoja, mazoezi. Abane kama anayezuia mkojo na upepo pamoja, ahesabu mpaka nane, aachie, mara nane hadi kumi, mara tatu kwa siku, miezi mitatu na zaidi. Daktari wa Kimarekani Arnold Kegel aliyaandika 1948. Kwa daraja la kwanza na la pili yanasaidia hasa. La tatu hayakirudishi juu, lakini misuli itakayobeba kazi ya daktari inapata nguvu. Asijizoeze kwa kukata mkojo katikati.

BintiKisauni *(mwezi mmoja baadaye)*

Habari mpya. Tulirudi, safari hii mama ndiye aliyeuliza. Kitashikwa na nini? Kitafungwa wapi? Umefanya ngapi? Daktari aliweka kalamu chini. Akatuchorea. Akakiri kwamba ya matundu huwa anaifanya na mwenzake, na akasema mwenzake ndiye angeshika kamera. Nilimheshimu zaidi kwa hilo.

Kipete alijaribu. Kimetoka mara mbili, mara moja sokoni Kongowea mbele ya muuza nyanya. Mlango wa uke umepanuka mno, hakikai.

Kulikuwa na njia moja zaidi, kuushona uke ukafungwa. Operesheni fupi, inawafaa wazee ambao hawatarajii tena mambo ya ndoa. Daktari alieleza kwa upole sana. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza: "Nani aliyekwambia mimi sitaolewa?" Nilitaka kuzama chini ya kiti.

Amechagua matundu. Mlango wa kizazi utabakishwa. Vipimo vimetoka safi.

BintiKisauni *(wiki tano baada ya operesheni)*

Samahani kwa kimya. Amefanyiwa, kazi ya saa tatu kasoro, matundu manne. Bega liliuma kama alivyosema MamaMapacha, tulikuwa tumemwandaa kwa hivyo hakuogopa. Mkojo ulimsumbua, mpira ulipotolewa hakuweza, wakaurudisha siku mbili zaidi, kisha akafanya vizuri. Jana ameswali isha amesimama. Alipotoa salamu alibaki amekaa pale pale kwenye msala kitambo, sikumsemesha.

Tatizo nililonalo sasa ni maji. Mfereji wetu una wiki mbili haujatoa tone, tunanunua kwa mkokoteni, na leo nimemkuta uani ameinua kidumu. Nikapiga kelele. Ananiambia ni cha lita tano, ati hicho hakihesabiki.

ZamuYaUsiku

Lita tano ni kilo tano. Kinahesabika. Mnyang'anye.